Bizimu mbili za Kijerumani: ipi ya kweli, na uanzie wapi kukusanya?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Voi. Nina bizimu mbili za mikanda ya jeshi la Wajerumani. Ya kwanza ni ya shaba, ina taji na maneno "Gott mit uns". Binamu yangu aliiokota akilima karibu na kilima cha Salaita. Ya pili nimeinunua mjini kwa muuza vitu vya kale. Ina tai, swastika, mti kama mnazi na neno "Afrikakorps". Muuzaji aliniapia kwamba babu yake aliitoa Burma, vita vya Hitler. Nataka kuanza kukusanya bizimu hizi. Je, ni za kweli? Nizisafishe na nini? Na kuna bwana anasema ya shaba itanitajirisha, niiuze?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nimezitazama picha zako zote nne, nikazikuza mpaka simu ikaanza kupata moto. Nianze na linalouma: ya mjini si ya kweli. Ya Salaita nina kila sababu ya kuiamini. Sasa nikueleze kwa nini, maana ukikariri majibu yangu tu, bizimu ya tatu itakushinda.

Tuanze na hadithi ya muuzaji. Afrikakorps, jeshi la Hitler la jangwani, walipigana Libya, Misri na Tunisia kuanzia 1941 hadi 1943. Burma hawakukanyaga. Vijana wetu wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliopelekwa Burma mwaka 1944 walikutana na Wajapani. Kabla ya hapo, Ethiopia na Somalia walipigana na Waitaliano, na Madagaska mwaka 1942 wakapigana na Wafaransa wa serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Hitler. Kwa hiyo babu wa KAR alikuwa na nafasi ya kurudi na upanga wa Kijapani au nishani ya Kiitaliano. Bizimu ya Kijerumani ingempasa kuinunua au kupewa na mtu mwingine. Wapo Waafrika Mashariki waliopelekwa Mashariki ya Kati kama mapaionia, wakachimba, wakajenga na kupakua mizigo nyuma ya jeshi la Waingereza. Kwa njia hiyo bizimu ya Mjerumani wa jangwani ingeweza kabisa kufika Taita. Ila ingekuwa bizimu ya kawaida ya jeshi. Ule mti wa mtende ulikuwa alama iliyopakwa kwenye magari yao. Haukuwekwa kwenye bizimu za jeshi. Jangwani askari walivaa mkanda wa turubai badala ya ngozi, na mbele yake wakaweka bizimu ile ile iliyovaliwa Ulaya. Bizimu yenye mtende na jina la Afrikakorps imebuniwa baada ya vita kwa ajili ya wanunuzi kama wewe.

Hata kama hadithi ingekuwa safi, chuma chenyewe kingekuambia. Tazama tena picha ya nyuma. Unaona vile vitundu vidogo, kama uso wa kitumbua kilichotoka kikaangoni? Hiyo ni alama ya kusubu: chuma kimeyeyushwa, kikamiminwa kwenye kalibu, hewa ikabaki ndani. Bizimu halisi hazikutengenezwa hivyo. Viwanda vya Ujerumani, vingi vyao katika mji wa Lüdenscheid ulioishi kwa kutengeneza vifungo na bizimu, vilichukua bati la chuma au alumini na kuligonga kwa mashine kati ya mihuri miwili mizito. Bati likigongwa hivyo, mbele panapoinuka, nyuma hubonyea. Ukiigeuza bizimu ya chuma ya vita vya pili unamwona tai wake kwa nyuma, amebonyea ndani kama alama ya mguu kwenye mchanga. Uso wa mbele una ncha kali: manyoya ya tai yanahesabika, na uwanja unaomzunguka una chembechembe ndogo zilizopangika. Tai wako amelainika kama sabuni iliyotumika wiki nzima. Si kwamba amechakaa. Kitu kilichovaliwa huchakaa kwanza sehemu zilizoinuka, na mabondeni kinabaki kikali. Wako amelainika kote, juu na chini, kwa sababu kalibu yake ilifinyangwa kutokana na nakala ya nakala.

Ili siku nyingine usidanganyike, zifahamu za vita vya pili kwa sura. Ya jeshi la nchi kavu ilianza 1936: tai aliyesimama juu ya swastika, amezungukwa na maneno Gott mit uns na majani ya mwaloni. Mwanzoni ilikuwa ya alumini, nyepesi mkononi kama kifuniko cha sufuria, kisha vita vilipokaza ikawa ya chuma na kupakwa rangi ya kijivu cha kijani. Ya jeshi la anga ina tai anayeruka ndani ya shada, haina maneno. Ya SS, kikosi cha chama cha Hitler, ina "Meine Ehre heißt Treue", yaani heshima yangu ni uaminifu, na hiyo ndiyo inayoghushiwa kuliko zote kwa kuwa ndiyo inayolipiwa zaidi. Ukiambiwa mtu anayo ya SS, dhani kwanza ni bandia, umwachie yeye kazi ya kuthibitisha. Maofisa wa jeshi la nchi kavu na la anga hawakuvaa bizimu za kisanduku kama hizi kazini; wao walivaa mkanda wenye fremu ya wazi na vijino viwili. Mara nyingi pia utauziwa kama "ya Hitler" bizimu ya nyundo na bikari ndani ya shada la masuke. Hiyo ni ya Ujerumani Mashariki, ya miaka mingi baadaye, na ni ya bei ndogo. Yenye tai bila swastika na maneno "Einigkeit Recht Freiheit" ni ya Ujerumani Magharibi baada ya vita.

Basi tuiache hiyo, tuje kwenye shaba yako. Hapa ningeomba ukae chini.

Maneno Gott mit uns, Mungu yu pamoja nasi, yalikuwa ya ufalme wa Prussia. Bizimu ya sampuli yako iliingia jeshini humo mwaka 1847: kisanduku cha shaba ya njano, katikati pamebandikwa kisahani cheupe cha mchanganyiko wa nikeli chenye taji na maneno. Ujerumani ya Kaisari ilikuwa na falme kadhaa ndani yake, na askari wa Bavaria walisomeka "In Treue fest", wa Saxony maneno ya Kilatini "Providentiae memor", wa Württemberg "Furchtlos und trew". Ukizipanga mezani unasoma ramani ya nchi ambayo haipo tena. Kwenye picha yako taji lina matao yanayokutana juu kwenye tufe lenye msalaba, na ukingo wa kisahani unaonekana wazi kabisa pale kijani cha shaba kilipojikusanya, kama utepe mwembamba kuzunguka duara. Upande wa kushoto umebonyea kidogo, ndoano ya nyuma imevunjika. Mtu anayeghushi ili auze hajisumbui kuvunja ndoano na kuizika shambani kwa mkulima asiyejua kitu.

Lakini kilichonifanya niamini ni shaba yenyewe, na hapa ndipo historia yetu inapoingia. Mwaka 1915 Ujerumani ilianza kutengeneza bizimu za chuma zilizopakwa rangi ya kijivu, kwa sababu shaba ilihitajika kwa maganda ya risasi na mizinga. Kule Ulaya, kwa hiyo, askari wa 1916 angeweza kuvaa ya shaba au ya chuma. Huku kwetu sivyo. Waingereza waliifunga bahari, na katika vita vyote meli mbili tu za mizigo ziliponyoka zikafika Afrika Mashariki ya Wajerumani: Rubens, iliyofika ghuba ya Mansa karibu na Tanga Aprili 1915, na Marie, iliyotia nanga Sudi karibu na Lindi Machi 1916. Sasa linganisha na Salaita. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, wakajichimbia mahandaki kwenye kilima hicho. Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza na Waafrika Kusini walikishambulia wakarudishwa nyuma vibaya. Mwezi uliofuata Wajerumani wakakiacha wenyewe. Yaani waliondoka Salaita wakati Marie ndiyo kwanza inafika, tena mbali kusini. Askari wa Salaita yaelekea alivaa alichokuja nacho kabla ya vita. Tungetegemea shaba, na shaba ndiyo iliyotoka. Kama binamu yako angeokota ya chuma ya kijivu, ningeanza kuuliza maswali magumu.

Ngoja nikuwekee na shaka, maana mkusanyaji asiyejiwekea shaka ni dalali. Miongoni mwa Waafrika Kusini walioshambulia kilima kile, wengine huenda walikuwa wametoka kupigana na Wajerumani Afrika ya Kusini-Magharibi, Namibia ya leo, kampeni iliyomalizika Julai 1915. Askari hupenda kumbukumbu. Bizimu ya mateka wa Windhoek ingeweza kusafiri mfukoni mwa Mwafrika Kusini na kuangukia Salaita. Ndiyo maana nataka kujua ilikuwa wapi hasa: juu kwenye mahandaki, au chini kwenye tambarare ya upande wa mashariki walikotokea washambuliaji? Mita mia mbili zinaweza kubadilisha jibu.

Usiseme pia, kama wanavyosema wengi, kwamba hii ni "ya askari wa Lettow", yaani Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani hapa. Vita vilipoanza, jeshi la Wajerumani hapa lilikuwa na Wajerumani karibu 260 na askari Waafrika karibu 2,500, kisha walowezi wakaitwa, wengi wao wakiwa wamewahi kutumikia jeshi huko kwao na huenda walihifadhi mikanda yao ya zamani. Bizimu haituambii kiuno kilichoivaa. Iandike kama ilivyo: bizimu ya sampuli ya Prussia, ya shaba, imeokotwa Salaita.

Sasa usafi. Najua nyumbani kwenu shaba inasafishwaje, kwa kuwa kwetu ni hivyo hivyo: ndimu na majivu, au ukwaju, unasugua mpaka unajiona. Kwa sinia la bibi ni sawa kabisa. Kwa bizimu hii, tafadhali sana, usifanye. Nilipokuwa kijana nilipewa nitunze bizimu moja iliyokuwa na utando wa kahawia mzito, nikaisugua kwa ndimu nikidhani naitendea wema. Iling'aa kama pete ya harusi. Pamoja na utando zikaondoka herufi mbili za jina ambalo mwenyewe alikuwa amelikwaruza kwa ncha ya kisu nyuma. Niliziona zikififia chini ya kidole changu, na nilipogundua ni nini ninachokifuta, nilikuwa nimebakiwa na mkia wa herufi moja. Yule mtu alikuwa na jina mpaka asubuhi ile. Sijasugua kitu cha vita tangu siku hiyo.

Chukua mswaki laini mkavu, uondoe udongo usioshikamana, basi. Usitumie maji ya bomba, wala sufi ya chuma, wala zile dawa za kung'arishia shaba. Ukiona sehemu ina unga wa kijani kibichi unaodondoka kama poda, hiyo si kutu ya kawaida: ni chumvi inayokula shaba kwa msaada wa unyevu, na inahitaji mtu wa maabara ya makumbusho. Kijani kilichokaza na kuwa laini kama ganda la mbegu hakina madhara, ni ngozi yake. Iweke kwenye kisanduku cha plastiki ngumu chenye mfuniko, ndani tandika kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila dawa ya kung'arisha, na utie vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya boksi la viatu vipya, vinafyonza unyevu. Vibadilishe kila baada ya miezi michache. Voi ni kukavu, umebahatika. Ukihamia Mombasa hewa ya chumvi itaanza kazi siku ya kwanza. Ukipata siku moja bizimu yenye ulimi wa ngozi nyuma, usiupake mafuta ya nazi. Jina la kiwanda na mwaka viligongwa kwenye ngozi hiyo hiyo, na mafuta yanaulegeza mpaka hausomeki.

Huyo bwana wa utajiri mwache aende zake. Nadhani ni ndugu wa wale wanaotafuta "rupia za Mjerumani" kila kona. Ujerumani iliingiza kwenye vita vya kwanza wanaume wapatao milioni 13, na bizimu za Prussia zilitengenezwa kwa mamilioni. Kwa mkusanyaji wa Ulaya hii yako, iliyobonyea na kuvunjika ndoano, ni kitu cha kawaida cha bei ya kawaida. Hiyo si sarafu ya dhahabu ambayo Wajerumani waliitengeneza Tabora mwaka 1916. Thamani yake iko Salaita: inajulikana imetoka ardhi gani, na huenda hata vita gani. Ukimuuzia dalali atakayeipeleka Nairobi bila maelezo, ndani ya wiki itakuwa kipande cha shaba kama vingine vyote.

Kwa hiyo fanya hivi leo, kabla ya kununua kitu kingine chochote. Nunua daftari lenye jalada gumu. Ukurasa wa kwanza andika jina la binamu yako, mwaka na msimu alioiokota, shamba ni la nani, ilikuwa kina gani, na kulikuwa na nini kando yake: ganda la risasi, kopo, kipande cha chupa. Mchoro wa mkono wa mahali unatosha. Piga picha mbele, nyuma na ubavuni, ukiweka rula kando. Kisha zungumza na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kitu kilichotoka ardhini kwenye uwanja wa vita hakifai kukaa kabatini kwa siri wala kuvuka mpaka kwenye begi. Mimi nimeona watu wakiogopa kwamba watanyang'anywa. Ukienda na daftari lililojaa utapokelewa kama mtu mwenye habari, na hata wakikuomba wabaki nayo, jina la binamu yako litaingia kwenye kumbukumbu zao pamoja nayo.

Wala usirudi Salaita na jembe au kile chombo cha kutafutia chuma. Mizinga ilipigwa pale, na kombora ambalo halikulipuka 1916 bado ni kombora. Tena kuna watu waliokufa pale na hawakuonekana. Kulima shamba ni jambo moja, kuchimbua makaburi kutafuta vifungo ni jambo jingine kabisa.

Juu ya kukusanya, siwezi kukuzuia. Mwenyewe nimekusanya miaka mingi. Ila nitakuambia ninavyofanya. Za swastika ninazo nne, ziko ndani ya droo pamoja na maelezo yake, nazitoa ninapofundisha. Siziangiki sebuleni wala sizivai, na za SS sinunui, kwa sababu soko lake linalishwa na watu wanaoziabudu na sitaki shilingi yangu iingie humo. Ujerumani kwenyewe kifungu cha 86a cha sheria ya jinai kinakataza kuonyesha alama hizo hadharani, isipokuwa kwa ajili ya elimu, utafiti na mambo kama hayo. Ulikumbuke hilo siku utakapotaka kumtumia mtu wa kule picha au kifurushi. Na usidhani taji la Kaisari ni safi kwa kuwa halina swastika. Jeshi lililobeba Gott mit uns hapa kwetu ndilo lililochoma maghala na mashamba wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907, na njaa ikaua kuliko risasi.

Kama ningekuwa na umri wako na ninaishi Voi, nisingefukuzia vitu vya Wehrmacht, jeshi la Hitler, kabisa. Ulaya imejaa, na bandia zimejaa zaidi. Ningekusanya vita vya kwanza vya eneo lako: maganda ya risasi yaliyogeuzwa vyungu vya maua, misumari ya reli ya kijeshi iliyojengwa kutoka Voi kuelekea Taveta, vitambulisho, barua, picha. Ningeenda kwa wazee wa Mwatate, Maktau na Taveta kuuliza juu ya wapagazi wa Carrier Corps, waliobebea jeshi la Waingereza mizigo, wale waliotuachia jina la Kariakoo na Kariokor. Walikufa makumi ya maelfu, na hakuna bizimu yenye kaulimbiu iliyotengenezwa kwa ajili yao. Bakuli la bati lenye namba ya mpagazi, ukibahatika kuliona, lina uzito kwangu kuliko sanduku zima la tai wa alumini.

Ile ya mjini usiitupe. Iweke kando ya ya shaba, chukua tochi, uimulike kwa pembeni badala ya kutoka juu, na uzitazame zote mbili kwa robo saa: vitundu hapa, ukingo wa kisahani pale. Umeshailipia, ikufundishe. Kisha nipigie picha ya nyuma ya ile ya shaba kwa mwanga huo huo wa pembeni. Karibu na ndoano iliyovunjika naona mikwaruzo mitatu inayokwenda sambamba. Inaweza kuwa jembe la binamu yako. Inaweza pia kuwa mtu alianza kuandika jina.